Bwawa limejaa hadi ukingoni, chooni mtoto anatawazia chupa yake ya maji

Jamani naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jina la shule sitaji. Iko Dar, huku njia ya Bagamoyo, ni zile intanesheno zetu sisi watu wa kati, tunaoutaka mtaala wa Cambridge lakini zile za Masaki zilizokuwa zinahesabu ada kwa dola hatuziwezi (siku hizi serikali imekataza, wanataja kwa shilingi, maumivu yale yale).

Mazingira, siku ya kwanza ukiyaona unasaini hapo hapo. Madarasa yana AC, maktaba ina zulia, na lile bwawa la kuogelea ndo wanaanza nalo, unasimamishwa pembeni kabisa uone mwenyewe linavyometameta, mzee mwenzangu akapiga na picha. Vyoo hatukupitishwa na nani anauliza vyoo wakati kaonyeshwa bwawa.

Sasa binti yangu yuko Year 3. Muhula uliopita, katikati hivi, akawa anashuka kwenye basi anakimbilia jagi la maji hata salamu hakuna, anakunywa glasi mbili tatu bila kupumua, na chupa yake nikiangalia ni tupu. Mtoto kamaliza chupa nzima na bado ana kiu? Nikambana. Kumbe hanywi, anatawazia! Maji ya kunywa niliyochemsha mimi na kuyachuja mimi yanaishia chooni, kwa sababu chooni hakuna maji, na wenzake nao hivyo hivyo, na wale wasiobeba chupa wanabana tu mpaka saa tisa na nusu basi liwarudishe. Ukienda hospitali na mtoto wa kike mwenye UTI cha kwanza daktari anakuuliza ni kama anabana mkojo na kama anakunywa maji ya kutosha, sasa wa kwangu anafanyishwa yote mawili na ada nimelipa.

Nikaenda. Dada wa mapokezi nikamwomba choo, akanielekeza cha wageni. Kile kina maji, kina sabuni inanukia ndimu. Nikasema hapana mdogo wangu, nipeleke cha watoto. Akababaika.

Basi nikaona. Masinki meupe, koki za sensa, unapitisha mkono kinataa chekundu kinawaka kama kinakuitikia salamu, maji hola. Chini kuna ndoo moja ya mfuniko, juu yake kata iliyotengenezwa kwa dumu la mafuta ya kula, wamelikata kwa kisu na kingo hazijasawazishwa, mtoto anajichana vidole hivi hivi. Kwenye kioo kibandiko kizuri cha rangi kinahimiza kunawa mikono sekunde 20. Unawe na nini? Matundu yako sita, mawili yamepigwa kufuli, na wasichana wa jengo lile hawapungui mia na nusu. Mwongozo wa serikali, huu huu wa shule zetu za kawaida, unataka tundu moja kwa wasichana 20 na wavulana 25.

Mama wa usafi, Mungu ambariki, ndo pekee aliyenieleza kitu cha kueleweka. Maji ya DAWASA yakitoka yanaenda jikoni na ofisini, vyoo vya watoto vimeungwa kwenye kisima, na visima vya huku pwani mnavijua, chumvi tupu. Zile koki zikaziba moja baada ya nyingine, pampu nayo ikaliwa na kutu, fundi kaitwa kaandika bei, bei ikaenda kulala ofisini. Nikamuuliza na bwawa je? Akacheka. Bwawa linaletewa boza.

Nikapanda kwa bwana wa utawala. Kijana mdogo, shikamoo yenyewe sikupewa, macho kwenye simu. Namweleza mpaka mwisho, ananijibu, "Mama, kwa ada hii unayolipa ulikuwa unategemea nini? Kama vipi Masaki shule zipo." Ati kama vipi! Mimi hapo nilitetemeka, sikujibu, nilichukua mkoba nikatoka maana ningebaki ningesema ya kusemwa.

Tangu siku hiyo kila kitu pale nakiona feki. Ile AC naona wanaiwasha wageni wakija, zulia la maktaba naona limechafuka, hata chakula naambiwa ni kizuri siamini. Mtoto wa dada yangu Kibaha anasoma shule ya msingi ya serikali, ada hakuna, wamejengewa matundu mapya kwa fedha za BOOST, ule mradi wa serikali wa shule za msingi, na koki inatoa maji. Haya, darasani wamejazana, hilo nalo siwezi kulificha.

Na sitaki kuwa mnafiki. Mwalimu wake wa darasa ni dhahabu. Binti alifika hajui kuunganisha sentensi, leo ananisomea kitabu kizima usiku, anabadilisha na sauti za wanyama. Huyo mwalimu ndo aliyekuwa anawagawia maji kutoka kwenye galoni lake mwenyewe, hiyo nimekuja kuijua baadaye. Kwa ajili yake nilikuwa nimeshaamua nitoe nyota tatu na mtoto abaki, na awamu ya kwanza ya ada ya muhula ujao nishalipa.

Halafu juzi kwenye grupu la wazazi tunatumiwa tangazo la gala, yaani mashindano ya kuogelea, mchango elfu thelathini kila mtoto. Nimeuliza kwa adabu kabisa kama washiriki watapata maji ya kutawazia. Wazazi kama kumi wameweka vidole gumba, halafu grupu likafungwa, anayeweza kuandika ni admin tu. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwalimu na mama wa usafi, wagawane.