Lenzi mbili za aina moja, bei mbili: uzoefu wangu wa kuuza lenzi zilizotumika

Mwaka jana mwenzangu na mimi, ambao kwa miaka mingi tumepiga picha za harusi pamoja, yeye akiishi Dodoma na mimi Tanga, tuliamua kuuza lenzi zetu za zamani ili tuhamie kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani. Kila mmoja wetu alikuwa na Canon EF 24-105mm f/4L IS USM, lenzi iliyoingia sokoni mwaka 2005. Tulizipeleka siku moja kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam anayenunua na kuuza vifaa vya picha vilivyotumika, na nilikwenda nikiamini kwamba yangu ingepata bei nzuri zaidi kwa kuwa ilikuwa changa.

Uchanga huo haukuwa wa kubahatisha. Lenzi nyingi za Canon za kipindi hicho zina herufi na tarakimu ndogo zilizopigwa kwa nyuma, karibu na mahali inapoungana na kamera. Herufi ya kwanza huonyesha kiwanda, U ikiwa Utsunomiya, Japani, na ya pili huonyesha mwaka. Ya mwenzangu ilianza na UU, yaani mwaka 2006, na yangu na UY, yaani 2010. Nilimwonyesha mnunuzi herufi hizo kwa fahari kidogo. Alizitazama, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akachukua tochi.

Lenzi za EF, yaani aina ya Canon ya hizi zetu, zikitolewa kwenye kamera huacha tundu la mwanga wazi kabisa, kwa hiyo mtu akimulika kutoka nyuma na kuinamisha lenzi kidogo, huona kila kilichomo ndani. Katika ya mwenzangu palikuwa na vumbi la kawaida, ambalo halionekani kwenye picha na ambalo hakuna mnunuzi mzoefu anayelihesabu. Katika yangu, ukingoni mwa kioo kimoja cha kati, palikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama mizizi ya nyasi. "Kaka, hii imelala pwani," alisema, na sikuwa na la kubisha. Kwa miaka mitatu ya mwisho lenzi ile ilikaa ndani ya mfuko wake wa ngozi, katika kabati la nguo, mtaa wa pili kutoka baharini. Ngozi hushika unyevu, kabati halina hewa wala mwanga, na kuvu hawahitaji zaidi ya hayo.

Ya mwenzangu ilinunuliwa kwa shilingi 720,000. Yangu, iliyokuwa changa kwa miaka minne, ilitajiwa 300,000.

Ubaya wa kuvu ni kwamba hawakai juu ya kioo tu. Wakiachwa muda mrefu hula ule utando mwembamba unaozuia mwanga usirudi nyuma, na alama wanazoacha haziondoki hata fundi akisafisha vizuri. Mnunuzi anayejua kazi yake hukata gharama ya fundi, kisha hukata tena kwa hofu ya asichokiona, na hofu hiyo ndiyo ghali. Mikwaruzo ina hesabu nyingine. Ya mwenzangu ilikuwa na mkwaruzo mfupi kwenye kioo cha mbele, akakatwa kidogo. Kama ungekuwa kwenye kioo cha nyuma angekatwa zaidi, kwa sababu kasoro iliyo karibu na kihisi cha kamera huonekana kwa urahisi zaidi kwenye picha.

Kuhusu umri wenyewe, niliyojifunza ni kwamba bei haishuki hatua kwa hatua kila mwaka kama ya gari, bali huporomoka pale toleo jipya linapotoka. Kwa lenzi yetu hilo lilitokea mwaka 2016 lilipotoka toleo la pili, na tena mwaka 2018 Canon walipoleta kamera za EOS R zenye mdomo mpya wa RF, yaani sehemu mpya ya kuungia lenzi. Kilichozuia bei isiangukie shimoni ni kiunganishi kinachowezesha lenzi za EF kufanya kazi kikamilifu kwenye kamera hizo. Umri mkubwa sana hata unaweza kugeuka faida: lenzi ya zamani ya Super-Takumar 50mm f/1.4 ya marehemu baba mkwe, iliyokuwa imegeuka njano kwa sababu ya thoriamu, madini yenye mionzi, iliyomo kwenye kioo chake, niliiweka dirishani juani kwa wiki kadhaa ikapauka, na kijana mmoja mpiga video aliichukua bila kunibembeleza bei.

Kwa mfanyabiashara yule nina lalamiko moja. Alinikata shilingi 40,000 kwa kukosa kinga ya mbele ya lenzi, ilhali kinga ya namna hiyo, isiyo ya Canon, ilining'inia dukani kwake ikiuzwa 25,000. Nilipomwonyesha alicheka tu. Nilikataa bei yake, nikampa fundi 80,000 asafishe, na baada ya wiki tatu nikaiuza kwa mtu binafsi kwa 450,000, nikiwa nimempa picha za alama zilizobaki ili asije akasema nimemficha. Faida halisi juu ya ile 300,000 ilikuwa shilingi 70,000, toa nauli za safari mbili za basi, ambazo sikuzipigia hesabu kwa makusudi.

Hata hivyo, lenzi safi ningempelekea tena yeye yule, kwa kuwa alipima mbele ya macho yetu, alieleza kila alichokata, na alilipa papo hapo. Yenye doa ningetafuta mnunuzi mwenyewe. Zilizobaki sasa zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, ninavyovikausha kila vinapobadilika rangi, na ule mfuko wa ngozi nimempa mwanangu anawekea madaftari.