Noti za tromboni na piano kwa anaeanza: zipi ununue, zipi uziache kwanza

Tromboni ukishaipata, iwe ya kuazima kwenye beni au umeletewa na mjomba kutoka Dubai, kinachofata ni noti, yani karatasi za muziki, na hapo ndo pesa zinapopotea. Mie nishapoteza. Nlimuagizia mtoto wa dada'angu kitabu kizuri, tukangoja wee, kufungua tu noti zote ufunguo wa trebo (ufunguo ni ile alama ya mwanzo wa mstari inayosema noti zisomwe vipi) na yeye skuli kafundishwa besi. Kitabu hakina kosa, kule Uingereza bendi za matarumbeta ndo zinavosoma, kosa langu mie sikuuliza. Vyengine vinakuja na karatasi zote mbili, hivyo ndo salama.

Namba moja kwangu ni mkusanyiko wa vipande vifupi vya gredi 1, ile ngazi ya mwanzo ya mitihani ya muziki, wenye sehemu ya piano na rikodi ya kudaunlodi (ya CD achana nayo, utaichezea wapi saa hizi). Noti nyingi ziwe B flati mpaka F, zile tano za mwanzo. Lakini tazama C, iko pozisheni ya 6 (pozisheni ni pale bomba la kuvuta linaposimama, ya 1 karibu, ya 7 mbali kabisa), mtoto wa miaka tisa utamuona bega linatangulia, shingo inapinda, domo linatoka kwenye tromboni na mkono bado haujafika. Kipande kikijaa C za mbiombio kirudishe. Pozisheni ya 7 ndo usiseme.

Halafu piano, hii watu wanaisahau kabisa. Wanaona mstari wa tromboni mwepesi wanalipa, kumbe huko chini piano ina noti kama mchele uliomwagika, na wa kumsindikiza ni mwalimu anaepiga kibodi kwa kujitolea baada ya kazi, basi wanakwama wote wawili. Piano ya kumfaa anaeanza inampa vipimo viwili (vile visehemu vya mapigo kati ya mistari ya wima) vya kuingilia, inashika mapigo, na pale anapovuta pumzi yenyewe inaendelea. Umeme ukikatika, rikodi ya kwenye simu itamfaa.

Namba mbili ni za bure za IMSLP, maktaba ya noti ya kwenye mtandao, kazi za zamani zilizoisha hakimiliki, unalipa kuprinti tu pale stashenari. Tafuta nyimbo za sauti ya besi na piano, maana tromboni kwa ufunguo wa besi inaandikwa vilevile inavosikika, huna haja ya kuhamisha noti. Ila kuchambua kuna kazi, bila mwalimu usianzie hapo.

Karatasi ya kipande kimoja kimoja ni ghali, labda kama kuna shughuli maalumu.

Ya mwisho kabisa ni vipande vya wakubwa. Concertino ya tromboni na okestra ya Ferdinand David ya 1837 mpaka leo inapigwa na watu wanaoomba kazi kwenye okestra, sasa we mtoto hata mwaka hajamaliza unamnunulia ya nini?

Na ukishaprinti beba vibanio vya nguo vinne, siku ya kupiga mtawekwa chini ya feni tu.