Canon 50mm f/1.8 STM kwenye misikiti ya Ujiji na mwalo wa Kibirizi

Lenzi hii ni ya kupigia picha sokoni. Ukiipeleka peke yake kwenye msikiti wa zamani au kanisa la misheni, utarudi na picha nzuri za mlango, nguzo na kona, lakini jengo lenyewe hutalipata. Ipeleke Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, alfajiri dagaa wakishushwa, nayo itakupa picha ambazo lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera haiwezi kukupa. Wanaofika Kigoma kupiga picha za safari wengi huinunua kama lenzi ya pili, tena kwa sababu ya bei tu. Bei yake ni sababu nzuri, ila haitoshi.

Kwanza vipimo. EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015. Ina uzito wa gramu 160, inachukua filta ya milimita 49, na inashika fokasi kuanzia sentimita 35. Vipande vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga (namba ya f/ ikiwa ndogo, tundu ni wazi zaidi) ni 7, vyenye ukingo wa mviringo, kwa hiyo taa za mitumbwi zikikaa nyuma ya mtu hubaki kama viduara laini hata ukifunga tundu kidogo. Sehemu inayoshika kwenye kamera ni ya chuma, mwili uliobaki ni plastiki. Haina kinga ya maji wala vumbi, na haina kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Haya mawili ya mwisho yana uzito sana Kigoma.

Kwenye kamera za Canon zenye sensa ndogo, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, lenzi hii huona finyu kama 80mm kwenye kamera ya sensa kubwa. Hesabu ya kukumbuka ni moja: zidisha umbali wako kwa 0.45 na utapata upana wa kitu kitakachoenea kwenye picha iliyolala. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye meza ya muuza migebuka, unapata kama mita 1 na sentimita 35: mikono, mizani, samaki na uso wake. Safi kabisa. Sasa chukua msikiti wenye upana wa mita 10. Unahitaji kurudi nyuma mita 22. Mitaa ya ndani ya Ujiji, mji mkongwe wa hapo Kigoma, haina mita 22. Utagonga mgongo kwenye baraza la jirani kabla hujafika. Kwa 18mm ungehitaji mita 8 tu.

Ipo njia ya kuzunguka tatizo hilo, nayo hufanya kazi kama hakuna watu wanaopita. Simamisha kamera wima, funga tundu hadi f/8, weka fokasi ya mkono, weka mwanga wa mkono ili kamera isiubadilishe katikati, kisha piga kutoka kushoto kwenda kulia huku kila picha ikirudia theluthi moja ya ile iliyopita. Ukiwa mita 8 mbele ya jengo la mita 10, picha 6 zinatosha kuunganishwa kwenye kompyuta. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni nyaya za umeme zilizo karibu na kamera kuliko jengo: zinakatika na kupishana pale picha zinapoungana. Zungusha kamera mahali pamoja, juu ya nukta moja. Usitembee nayo pembeni.

Kuhusu mwanga, kuna jambo ambalo mgeni kutoka Dar es Salaam hukosea karibu kila mara. Kigoma inatumia saa zile zile za Dar lakini iko magharibi sana, hivyo jua liko nyuma kwa takriban dakika 40. Linachomoza karibu saa 1 asubuhi, linakuwa utosini karibu saa 7 mchana, na linazama ziwani, juu ya milima ya Kongo, karibu saa 1 jioni. Anayefika sokoni saa 4 asubuhi akidhani amechelewa bado ana mwanga wa pembeni unaofaa. Anayepanga kurudi kazini saa 9 alasiri akidhani ukali umepungua atakuta vivuli vyeusi machoni mwa watu. Ngoja saa 10 na nusu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana husimama karibu wima kabisa, na kofia au mtandio hufunika uso wote kwa kivuli.

Msikitini, tumia kibla kukusomea mwanga kabla hujafika. Kutoka Kigoma, Makka iko kaskazini, ikiegemea mashariki kwa takriban nyuzi 20. Ukisimama ndani ukiitazama mihrabu, madirisha ya kulia hupata jua la asubuhi na ya kushoto hupata la alasiri. Mwanga wa kushoto baada ya swala ya alasiri, ukipita kwenye nondo za madirisha na kulala juu ya mikeka, ndio wakati ambao 50mm inastahili kuingia ndani. Lakini ukuta wa nyuma, ulio mkabala na mihrabu, katikati ya Juni haupati jua la moja kwa moja siku nzima, kwa kuwa jua linapita upande wa kaskazini. Desemba hupata jua muda mrefu. Watalii wengi huja kiangazi, Juni hadi Septemba, wakati ambapo ukuta huo uko kivulini na vumbi na moshi wa mashamba vimeificha milima ya ng'ambo. Mvua inapokatika kidogo ndani ya msimu wake, Novemba hadi Aprili, hewa huwa safi kiasi cha kuhesabu mikunjo ya milima ile.

Ndani, mahali penye mwanga hafifu, anza na f/2, kasi ya 1/100 ya sekunde na ISO 1600 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga). Usishuke chini ya 1/100 ukishika kwa mkono, maana lenzi haitulizi mtikisiko. Kuna sababu ya pili ya kuchagua 1/100: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 utapata picha moja ya njano, inayofuata ina mstari mweusi katikati, na ya tatu iko sawa. Watu hulaumu kamera. Ni taa.

Adabu nayo ni sehemu ya kazi, kwa sababu ruhusa ikikosekana hakuna lenzi itakayosaidia. Fika baada ya swala, vua viatu, mtafute imamu au katibu wa msikiti. Sema wazi unachotaka: "Asalaam alaykum, shehe. Naomba kupiga picha za ndani, mihrabu na madirisha, bila watu. Sitatumia flashi." Ukitaja kwamba huwapigi watu, majibu huwa mepesi. Usipite mbele ya anayeswali hata kama wenzake wamemaliza. Miguu ya tripodi usiisimamishe juu ya mikeka. Sehemu ya wanawake usiielekezee kamera. Weka kamera kwenye shata ya kimya kama inayo. Mota ya lenzi hii ni tulivu, ila mlio wa kioo cha kamera unasikika ukuta hadi ukuta. Kanisani mambo ni hayo hayo: mwone paroko au katekista, na misa ikiendelea baki kwenye benchi lako.

Kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, tatizo ni miembe. Majani yanapitisha vipande vya jua, na jiwe lenye maandishi ya tarehe 10 Novemba 1871, siku ya kukutana kwa Stanley na Livingstone, linatoka na madoa meupe ambayo huwezi kuyasahihisha baadaye. Subiri wingu lipite, au nenda jua likiwa chini ili mwanga uyapige maandishi kwa ubavu na herufi zionekane kina chake. Tumia f/5.6 na simama sawasawa mbele ya jiwe. Ukiwa pembeni kwa f/1.8, nusu ya sentensi itakuwa na ukungu. Kama picha ni za kibiashara, ulizia mlangoni kabla ya kulipa kiingilio.

Sasa Kibirizi. Hapa ndipo lenzi hii inapolipa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi uvuvi husimama na mwalo huwa mtupu. Angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Kuanzia saa 12:40 asubuhi kuna mwanga wa kutosha kwa f/2, 1/250 na ISO 1600. Dagaa wakimiminwa kutoka kwenye ndoo, panda hadi 1/500, vinginevyo wanageuka michirizi ya kijivu.

Watu wengi hununua 50mm ili wapige kila kitu kwa f/1.8. Ukiwa mita 1 na nusu kutoka kwa mtu, f/1.8 inakupa kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali mbele hadi nyuma, cha sentimita 6. Jicho litakuwa kali, sikio limepotea, na ungo wa dagaa alioushika mbele umekuwa uji. F/4 inakupa sentimita 14, f/5.6 karibu 19, na hapo mkono na uso vinaweza kukaa pamoja. Halafu kuna mng'ao. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja jua likiwa kali hutupa nukta nyingi nyeupe, na kwa f/1.8 kila nukta inavaa pete ya zambarau. Ukifika f/4 pete hizo karibu zote zimeondoka. Filta ya kupunguza mng'ao, poleraiza, inafanya vizuri kwenye uso wa maji na kwenye majani. Kwenye magamba ya fedha usitegemee makubwa.

Kamera ikiona fedha tupu hudhani kuna mwanga mwingi na kuitia picha giza. Ongeza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili, au nusu yake ukipunguza). Mama akiinama juu ya kichanja, pima mwanga shavuni mwake, wala usipime dagaa, kisha punguza nusu stopu ili rangi ya ngozi ibaki ya kweli. Mawese yanataka kinyume. Dumu lililo wazi juani lina wekundu mzito unaojaza grafu ya rangi nyekundu kabla ya nyingine, na ukishaipoteza unabaki na doa la rangi ya chungwa lisilo na kina. Punguza theluthi mbili.

Chini ya maturubai ya soko, tatizo ni rangi. Turubai la bluu humpaka kila mtu bluu. Shika karatasi nyeupe chini ya turubai hilo hilo, ipige, na uiambie kamera huo ndio weupe, au piga kwa RAW, faili ghafi la kamera, urekebishe nyumbani. Hiyo inasaidia pale ambapo mwanga ni mmoja. Kama nusu ya uso iko chini ya turubai na nusu nje, hakuna marekebisho yatakayomtoa. Zunguka upande wa pili hadi apate mwanga wa aina moja.

Kuomba ruhusa sokoni ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: "Shikamoo mama. Biashara inaendaje? Naomba nikupige picha ukipima, halafu nikuonyeshe." Nunua fungu lako kwanza, weka kamera begani, ongea. Akikataa, shukuru uende meza nyingine. Na ukitoka Kibirizi kuelekea bandarini au stesheni ya reli, kamera iingie begini hadi upate kibali cha wahusika.

Kwa anayeweza kununua lenzi moja tu, na anataka misikiti na soko pamoja, ningemwambia aache hii achukue EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014. Ina gramu 125, inafokasi kutoka sentimita 16, na msikiti ule wa mita 10 ataupata akiwa mita 11. Atapoteza ule ukungu laini wa nyuma ya mtu, na gizani itabidi apandishe ISO zaidi ya stopu moja. Kwa Ujiji ni biashara nzuri. Mwenye lenzi ya 18-55mm tayari, huyo achukue 50mm bila wasiwasi.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha huuziwi ile ya zamani, 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990, kwa bei ya STM. Ya zamani ina filta ya milimita 52, vipande 5 vya tundu, inafokasi kuanzia sentimita 45, na sehemu ya kushika kamera ni plastiki. Kisha washa kamera uifokasi kutoka karibu hadi mbali mara kumi. Bomba la mbele linatoka na kurudi, na likikwaruza, ujue mchanga umeingia au limegongwa likiwa nje. Kulirudisha ndani lazima kamera iwe imewashwa, hivyo usilisukume kwa kidole. Mwisho mulika tochi kutoka nyuma ya lenzi na uangalie kwa mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye kioo ni kuvu, na lenzi iliyokaa karibu na ziwa ndani ya begi lenye unyevu huipata haraka. Vumbi mbili tatu hazina neno. Nyuzi zikionekana, iache mezani.