Kipimo cha moyo cha mashine: nyota nne, ya tano nimewanyima

Nina miaka 54, nauza vitenge Kariakoo, na kuliko moyo wenyewe nilichokuwa nakiogopa ni kuvuliwa nguo. Daktari aliponiambia natakiwa nitembee kwenye mashine huku nimebandikwa waya kifuani, usiku ule sikupata usingizi. Shoga yangu naye akanimaliza kabisa: "Na ukianguka je?" Kliniki siitaji jina, maana nina la kuwalaumu. Ipo hapa hapa Dar.

Lawama kwanza. Aliyenipigia simu ya miadi aliniambia nisile masaa matatu kabla, kahawa na chai niache tangu jana yake, nije na raba. Basi. Dawa ninazotumia hakuuliza. Nimetoka zangu Mbagala alfajiri, nafika dirishani ndiyo naulizwa, "Mama, atenolol umemeza leo?" Nimemeza, kama kila siku. Kumbe dawa hiyo inazuia mapigo yasipande, na kipimo kinataka yapande. Nikarudishwa nyumbani mpaka daktari wangu aseme niisimamishe vipi na lini. (Msije mkaacha dawa zenu kwa kunisoma mimi, muulizeni anayewatibu.) Siku nzima ya biashara ikaenda na maji.

Safari ya pili nikapokewa na nesi, binti mdogo, kaniamkia vizuri. Akavuta pazia, akanipa gauni la kufungua mbele, akasema, "Mama, hapa tupo mimi na wewe. Daktari ataingia ukishajisitiri." Hapo nusu ya hofu ikaondoka. Akanisugua kifua kwa pamba ya spiriti, ya baridi hiyo, akabandika vibandiko kumi.

Pembeni niliona mashine ya kushtulia moyo, miguu ikaniisha nguvu. Akaniona ninavyoitazama. "Ile ni kama kizimamoto kwenye basi, mama. Sharti iwepo." Halafu akanipandisha kwenye ile mashine ya kutembelea ikiwa bado imezimwa. Shika hapa. Kitufe cha kuizima mashine ni hiki. Kila dakika tatu itaongeza mwendo na kuinuka kama kilima, na kabla haijaongeza nitakwambia. Ukisema basi, ni basi. Nyumbani wote walikuwa wananiambia "usiogope", haikunisaidia hata kidogo. Huyu hakunikataza kuogopa, alinionyesha tu kinachokuja.

Akanipa na hesabu ya mapigo ya moyo kwa dakika: 220 toa umri wangu, inabaki 166, wao wanatafuta asilimia 85 yake, kama 141 hivi. Mimi mtu wa duka, ukinipa namba nina pa kushika.

Dakika tatu za kwanza ni mwendo wa Mtaa wa Kongo Jumamosi, unasukumana na wateja. Za pili kama kupanda ngazi na robota begani. Za tatu jasho, na kile kitambaa cha presha kinabana mkono mpaka vidole vinakufa ganzi. "128, mama. 136." Dakika ya nane na ushei nikasikia "143", nikasema basi, na kweli ikapunguzwa pale pale. Wakanilaza, wakaendelea kuangalia waya mpaka mapigo yakatulia. Majibu ni yangu na daktari wangu.

Chumba cha kusubiria kirekebisheni. Saa nzima na dakika kumi mtu umekaa na tumbo tupu, televisheni inapiga kelele habari za ajali. Kwa mgonjwa wa moyo!

Wanawake wenzangu, nendeni na suruali pana na kanga yenu. Na raba iwe ya kwako. Mimi niliazima ya binti yangu, namba 38, navaa 39, ukucha wa kidole gumba mpaka leo mweusi. Hilo siwatupii kliniki.