Chawa kichwani mwa mtoto: nunua kitana kwanza, mafuta baadaye

Mtoto akirudi kutoka chuoni anajikuna nyuma ya masikio, wengi wetu hukimbilia dukani kuuliza mafuta gani yanaua chawa. Nami nilifanya hivyo kwa binti yangu, nikanunua vichupa vitatu kabla ya kupata kilichomaliza kazi: kitana cha chawa. Kwa hiyo nakiweka cha kwanza. Vingine nimevipanga kwa kuangalia vinakisaidia kiasi gani.

Namba moja, kitana cha chuma. Cha plastiki ni rahisi, ila meno yake hutanuka yakikutana na fundo, na chawa aliyeanguliwa juzi anapita katikati. Kabla hujalipa, kiinue kwenye mwanga. Nafasi kati ya meno iwe finyu, kama milimita 0.2 hadi 0.3, na iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Sukuma jino moja kwa ukucha, likicheza, kirudishe. Chagua chenye meno marefu, hasa kama nywele ni nzito au za kipilipili, maana chawa hutaga karibu kabisa na ngozi na meno mafupi hayafiki huko. Kikitunzwa kitawahudumia watoto wote miaka mingi. Kila ukimaliza, kiloweke kwenye maji ya moto sana kwa dakika kumi.

Namba mbili ni kitu cha kutelezesha. Kondishna yoyote nyeupe inatosha, tena chupa kubwa ya bei nafuu, kwa sababu utaitumia nyingi. Huwafanya chawa wazubae wasikimbie. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri, lakini mayai yanabaki hai, kwa hiyo usiyategemee peke yake.

Kazi yenyewe iko hivi. Lowesha nywele, paka kondishna mpaka zilegee, fumua mafundo kwa chanuo la kawaida, kisha zigawe mafungu madogo. Pitisha kitana kutoka kwenye ngozi hadi ncha, na kila mpito ukifute kwenye kitambaa cheupe. Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, utamwona. Rudia siku ya 5, ya 9 na ya 13. Msiruke hata siku moja, nawasihi. Mayai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, na aliyeanguliwa huhitaji zaidi ya wiki moja kabla hajaanza kutaga. Ukichana kila baada ya siku nne unamkamata angali mchanga. Wanaosema "dawa imeshindwa" mara nyingi waliacha baada ya siku ya kwanza.

Namba tatu, mafuta ya mwarobaini. Nunua yaliyokamuliwa kwenye mbegu, maana nguvu ya kuua wadudu iko zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani tunayochemsha. Halisi ni mazito, rangi ya kahawia, yana harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu. Yakiwa hayanuki, yatilie shaka. Changanya kidogo na mafuta ya nazi, paka jioni, chana, osha. Chupa iwekwe mbali kabisa na watoto: mwarobaini tumezoea kuunywa, lakini mafuta ya mbegu yakimezwa na mtoto mdogo yanaweza kumletea sumu mbaya.

Mafuta ya karafuu na ya mkaratusi ninayaweka chini ya hapo. Ya karafuu yameonyesha kuua chawa maabarani, ila yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi, na kichwa kilichokunwa tayari kina vidonda. Mtoto mdogo msimpake kabisa. Siki na mayonizi viacheni jikoni, haviyeyushi gundi inayoshika yai kwenye unywele.

Mafuta ya taa, hapana. Hata tone. Yanaunguza ngozi, yakiingia mapafuni yanaleta homa ya mapafu, na mtoto aliyepakwa anapita karibu na jiko la mkaa au mshumaa. Dawa ya mbu ya kunyunyiza nayo haikutengenezwa kwa kichwa cha mtu. Mkionwa washamba kwa kukataa ushauri huu wa majirani, kataeni hivyo hivyo.

Usinunue pia dawa ya kufukiza nyumba. Chawa hawaruki wala hawapai, huhama vichwa vikigusana, na akiwa nje ya kichwa hufa ndani ya siku moja au mbili. Fua kwa maji ya moto foronya, mashuka na mitandio iliyotumika siku mbili zilizopita, kisha angalia kichwa cha kila mtu nyumbani jioni ile ile, baba pia.

Kama siku ya 13 bado unaona wanaotembea, nenda duka la dawa ukaulize losheni ya permethrini ya asilimia 1 au ya dimethikoni. Kichwa kikitoa usaha, mpeleke hospitali kwanza. Mtoto mchanga atoshwe na kitana peke yake.

Siku ya 17 pitisha kitana mara moja zaidi. Kitambaa kikibaki cheupe, msuke.