Flashi itachomolewa kabla ya wakati: chagua mfumo wa faili kwa kuzingatia hilo

Flashi ilikuwa mpya, GB 64, wala haikuwa mbovu. Nilikuwa nahamishia picha za harusi ya dada yangu. Mstari wa kunakili ulipofika mwisho, nikaichomoa. Nilipoichomeka tena, kompyuta ikanitaka niifomati kwanza. Picha zote zimekwenda. Kumbe kunakili kulikuwa bado kunaendelea chinichini, na flashi ilikuwa na mfumo wa faili wa exFAT, yaani utaratibu wa kupanga data ndani yake.

Wauzaji hawaligusi kabisa jambo hili. Kasi na ukubwa vimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi nene. Mfumo wa faili hauandikwi, ingawa ndio unaoamua flashi ikichomolewa katikati ya kazi utaokoa nini. exFAT, ya Microsoft, ya mwaka 2006, kwa kawaida huwa na jedwali moja tu la kufuatilia vipande vya faili, na haina daftari la kuandikia mabadiliko kabla hayajafanyika. Likiharibika jedwali hilo, hakuna nakala ya kurejea. FAT32, mfumo kongwe kuliko exFAT, huwa na majedwali mawili!

Kwa hiyo kwangu namba moja ni mfumo wa NTFS, na upendeleo huo siufichi. Ilianza na Windows NT 3.1 mwaka 1993, na daftari inalo: kila badiliko la muundo (orodha ya faili na mahali zilipo) huandikwa humo kwanza, hivyo flashi ikichomolewa ghafla, Windows hulisoma na kuurudisha muundo sawa. Faili iliyokuwa ikiandikwa dakika ile unaweza kuipoteza, lakini zilizotangulia zina nafasi kubwa ya kusalimika. Sharti lake ni kwamba utumie Windows. Mac huisoma NTFS, ila kuandika inahitaji programu ya ziada, na baadhi ya redio za gari huikataa.

Ya pili ni exFAT, kwa anayehama kati ya Windows na Mac kila siku. Linux nayo imekuwa na exFAT ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wake, tangu toleo la 5.4, mwaka 2019. Ukiichukua, usichomoe kamwe kabla ya kutoa amri ya kuiondoa na kusubiri jibu. Hata kama una haraka.

FAT32 ibaki kwa redio na vifaa vya zamani, maana faili ya GB 4 haiingii. Nyumba yenye Linux tupu ichukue ext4, mfumo wa faili wa Linux wenyewe.

Flashi za bei ya chee siziweki kwenye orodha. Zipo zinazojitangaza kuwa na GB 512 ilhali chipu yake ni ndogo mno: kidhibiti, chipu inayoiongoza flashi, kimepangwa kudanganya, na ukishajaza nafasi halisi, data mpya huifuta ya zamani au hupotea kimya kimya. Hapo hata NTFS haina la kufanya. Wanaozitengeneza wanajua wanachofanya, nasi ndio tunaopoteza picha. Ukinunua flashi, ipime siku hiyohiyo kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, risiti ikiwa bado mkononi.