Mapitio ya The Forgotten, nyongeza ya Age of Empires II
Nyongeza hii, iliyoanza kama kazi ya mashabiki kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2013, iliingiza mataifa matano katika mchezo huo wa vita wa kompyuta wa mwaka 1999: Waitalia, Wahindi, Wainka wa Amerika Kusini, Wamagyari (yaani Wahungaria) na Waslavi. Kinachonivutia zaidi ni kukutanishwa kwa majeshi ambayo hayakuwahi kuonana katika historia, kwani Wainka, wasio na kikosi cha farasi, huwakabili wapanda farasi wa Waslavi kwa askari aitwaye Kamayuk, ambaye mkuki wake mrefu humwezesha kumchoma adui huku yeye mwenyewe akiwa nyuma ya askari mwenzake. Huo ni ubunifu wa hali ya juu. Kuwaweka Wahindi wote katika taifa moja, hata hivyo, kulipunguza ladha, hadi taifa hilo lilipogawanywa mwaka 2022.